Kichukuzi cha jeni si kiambukizi

Majuma matatu yaliyopita kijana mmoja anayesomea shahada ya uzamili katika bewa la Chiromo aliniomba tukutane mjini. Tulikaa katika mkahawa ulio karibu na Bustani ya Jeevanjee, akanikabidhi kurasa kumi na moja zilizopigwa chapa. Ilikuwa makala aliyoiandika kwa Kiswahili, kuhusu jinsi watafiti wanavyotumia virusi kupeleka jeni katika mwili wa salamanda. Nilimuuliza kwa nini hakuiandika kwa Kiingereza kama wenzake. "Prof, nataka mamangu aisome," akasema. "Kila akiniuliza nafanya nini huko chuoni namwambia ni mambo ya sayansi, kisha tunanyamaza wote wawili."

Jibu hilo lilinifanya niisome makala yake kwa makini kuliko tasnifu nyingi zinazoletwa mezani pangu. Ameniruhusu niihakiki hapa, mradi nisimtaje jina. Nitaanza na sifa, maana anazistahili. Ni wachache mno wanaothubutu kuandika biolojia ya kisasa kwa Kiswahili hapa Kenya bila kujificha nyuma ya maneno ya Kiingereza. Sentensi zake ni fupi. Hana ile tabia ya wanahabari wetu ya kusema "wanasayansi wamegundua" bila kueleza walifanyaje. Lakini makala ina kasoro, na moja kati ya hizo ni nzito kiasi kwamba mama yake angeimaliza akiwa ameelewa kinyume cha mambo.

Kasoro ndogo kwanza. Katika ukurasa wa pili ameandika kwamba salamanda ni "aina ya mjusi". La. Namwelewa kwa nini aliteleza: salamanda hawapatikani kusini mwa Sahara, kwa hivyo mababu zetu hawakuwa na sababu ya kuwapa jina. Ukimwona kwenye picha, mwenye miguu minne na mkia, jina la kwanza linalokujia ni mjusi. Hata hivyo ngozi yake ni laini yenye unyevu, haina magamba, na ukoo wake ni wa chura. Nilimshauri aseme "jamaa ya chura mwenye mkia", kisha aendelee na salamanda bila wasiwasi. Tena sisi tuna jamaa wa karibu tunayeweza kumtolea mfano. Katika milima ya Taita kuna amfibia asiye na miguu, ukimwona utadhani ni nyungunyungu. Mwaka wa 2006 watafiti walieleza kwamba watoto wake hulishwa kwa ngozi ya mama: huikwaruza kwa meno na kuila, naye mama huiotesha tena. Mtu mwenye kisa kama hicho nyumbani kwao anahangaika na mjusi kwa nini?

Kasoro ya pili ilinichekesha. Salamanda anayetumiwa sana maabarani ni aksoloti, ambaye asili yake ni maziwa na mifereji ya Xochimilco, katika jiji la Mexico. Ukimkata mguu, mguu huota tena, pamoja na mifupa, misuli na neva zake. Mjusi wetu wa ukutani huotesha mkia tu, nao hauwi kama ule wa kwanza. Kijana ameandika kwamba mguu wa aksoloti "huzaliwa upya". Nikamuuliza ni mhubiri gani aliyeuhubiria. Katika Kiswahili cha Nairobi, ukisema umezaliwa upya utaulizwa unasali kanisa gani. Mguu huota upya au huchipuka, kama mti uliofyekwa. Lugha ya shambani inatosha kabisa.

Sasa kasoro kubwa. Ukurasa wa nne unaanza hivi: "Watafiti huwaambukiza salamanda virusi ili wapate jeni mpya." Sarufi haina hitilafu, ila maana imeharibika mara mbili. Kwanza, ni nani wanaopata? Watafiti na salamanda wote wamo katika ngeli ya A-WA, kwa hivyo kiambishi "wa" hakitusaidii kuwatenganisha. Hilo hutengenezwa kwa kuibadilisha sentensi. La pili ndilo lililonikosesha usingizi: kitenzi "kuambukiza".

Tutazame kinachotendeka. Kirusi ni kitu kidogo mno: jeni chache zilizofungwa ndani ya ganda la protini. (Naam, nasema kirusi kimoja, virusi viwili. Wapo wanaolalamika kuwa Kirusi ni lugha ya Urusi. Muktadha hautawaacha njia panda, na neno la kigeni likishaingia katika ngeli ya KI-VI, kama kitabu cha Waarabu kilivyoingia, halirudi kwao.) Kirusi hakiwezi kuzaana chenyewe. Hujishikiza kwenye seli, huingia, huziachilia jeni zake, nayo seli ya watu hugeuzwa kiwanda cha kutengeneza virusi vingine. Huko ndiko kuambukiza: kuingia, kuzaana, kuenea, kuugua.

Watafiti wamevigeuza virusi hivyo. Wameondoa zile jeni za kuzaana, wakaacha ganda na uwezo wake wa kufungua mlango wa seli. Mahali pa jeni zilizoondolewa wakapakia jeni waitakayo wao, kwa mfano ile inayofanya seli ing'ae kijani chini ya hadubini. Virusi vinavyopendwa kwa kazi hii ni virusi tegemezi vya adeno, vilivyogunduliwa mwaka wa 1965 vikiwa vimejichanganya na virusi vya adeno maabarani. Hata kabla havijaguswa, huhitaji msaada wa virusi vingine ili vizaane, na havijulikani kusababisha ugonjwa wowote. Upana wake ni kama nanomita 25, na mzigo wake hauzidi sana herufi 4,700 za msimbojeni. Linganisha na aksoloti mwenyewe: msimbojeni wake una herufi kama bilioni 32, mara kumi ya zetu sisi binadamu. Mkokoteni wa Marikiti hauwezi kubeba ghorofa. Mtafiti hana budi kuchagua mzigo.

Kwa nini wasumbuke hivyo? Kwa sababu njia ya zamani ilikuwa kuidunga jeni ndani ya yai, kisha kungoja. Aksoloti huchukua kama mwaka mzima kukomaa. Ukiwa na kirusi kilichopakiwa unaweza kumchukua mnyama aliyekwisha kukua, ukapeleka jeni mahali unapotaka, wakati unaotaka. Katika miaka hii ya karibuni watafiti wa Austria na Marekani wamejaribu aina mbalimbali za virusi hivyo, maana kinachoingia seli za panya hakiingii seli za salamanda vilevile, na wamefaulu kufuatilia nyuzi za neva kutoka jichoni hadi ubongoni. Kwa mnyama anayeweza kuotesha tena sehemu za ubongo wake, hilo si jambo dogo.

Haya yote kijana anayajua kuliko mimi. Aliyaeleza vizuri pale mkahawani, kwa Kiswahili cha mdomo kilichochanganyika na sheng. Alipoyaandika ndipo lugha ilipomponyoka, akaandika "kuambukiza" kwa sababu ndilo neno ambalo siku zote huandamana na virusi. Magazeti, redio, mabango ya hospitali, vyote vimetuzoesha hivyo. Virusi ni adui, virusi huvamia, virusi hupigwa vita. Hata neno lenyewe huko Kilatini lilikuwa na maana ya sumu.

Msomaji ataniuliza: Prof, kitenzi kimoja cha salamanda kinakukosesha usingizi kwa nini? Hapa yanibidi nikiri kosa langu mwenyewe.

Mwezi Machi mwaka wa 2021, Kenya ilipokea dozi zaidi ya milioni moja za chanjo ya AstraZeneca. Chanjo ile ilifuata njia hiyohiyo ya salamanda. Kirusi cha adeno cha sokwe mtu kilinyang'anywa uwezo wa kuzaana, kikapakiwa jeni ya ule mwiba ulio juu ya kirusi cha korona, ili mwili wa mtu ujifunze kuutambua. Sokwe alichaguliwa kwa sababu nzuri. Wengi wetu, hasa huku Afrika, tumewahi kukutana na virusi vya adeno vya binadamu, na mwili unaokifahamu kirusi hukizuia mlangoni kabla hakijashusha mzigo.

Majirani zangu wa Uthiru waliniomba niwaandikie maelezo kwa Kiswahili katika kikundi chetu cha WhatsApp. Mimi ndiye profesa wa mtaa, nikajitosa. Niliandika, na bado ninayo kwenye simu, kwamba chanjo ina "virusi vya sokwe vilivyogeuzwa, ambavyo huambukiza seli za mwili ili zitengeneze kinga". Nilijiona nimefafanua kweli.

Mama mmoja anayeuza mboga katika soko la Kangemi, aliyekuwa na umri wa kupewa kipaumbele, alikuwa tayari kwenye foleni binti yake alipomsomea ujumbe huo. Akatoka kwenye foleni, akapanda matatu, akarudi nyumbani. Nilipomuuliza aliniambia kwa upole, "Si ni wewe uliandika, Mwalimu? Ati wanatudunga virusi vya nyani, vinaambukiza. Mimi nitaambukizwa aje na pesa yangu ya nauli?" Nilianza kumweleza, nikaona kila neno nililokuwa nalo linanirudisha palepale. Mwezi Agosti alilazwa siku kumi na moja, akiwa kwenye oksijeni. Alirudi nyumbani, Mungu ni mwema. Hajawahi kunilaumu, na huo ndio mzigo.

Wala hatukuwa wageni wa sayansi hii. Mwaka wa 2001, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wa Oxford walianza majaribio ya chanjo ya Ukimwi hapa Nairobi, na sehemu ya chanjo hiyo ilitumia kirusi dhaifu cha jamii ya ndui kubeba vipande vya jeni za kirusi cha Ukimwi. Haikufaulu kama ilivyotarajiwa, lakini wakazi wa jiji hili walijitolea mikono yao. Na kabla yao, ng'ombe. Katika miaka ya 1990, kwenye kituo cha utafiti wa mifugo cha Muguga, ukishapita Kikuyu, ng'ombe walidungwa kirusi cha jamii ya ndui ya kondoo na mbuzi ambacho asili yake ilikuwa kondoo wa hapa Kenya, kikiwa kimepakiwa jeni ya sotoka. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 1997. Sotoka ilikuja kumalizwa kwa chanjo nyingine, na mwaka wa 2011 dunia ikatangaziwa kuwa imetoweka, lakini kazi ya Muguga ilifanyika. Mfugaji wa sotoka na ndui ana maneno yake kamili ya magonjwa hayo. Neno la kile kirusi kilichobeba jeni hakupewa na mtu, hata sisi wa idara za Kiswahili, tulio safari ya nusu saa tu kutoka hapo barabara isipokuwa na msongamano.

Basi tuitafute istilahi. Kijana alipendekeza "vekta", kwa kuwa ndivyo wasemavyo wanabiolojia wa dunia. Silipingi neno la mkopo kwa kuwa ni la mkopo. Nalipinga hili kwa kuwa wanafunzi wetu tayari wana vekta katika hesabu na fizikia, ile yenye ukubwa na mwelekeo. Tena katika habari za malaria vekta ni mbu. Wengine husema "kisambazi" au "kienezi". Maneno hayo yanamfaa mbu, kwa maana mbu hueneza. Kirusi chetu kimenyimwa hasa uwezo huo wa kuenea. Kukiita kienezi ni kukipa sifa ile ile iliyoondolewa kwa jasho. "Kibebaji" linakaribia, ila kubeba hakusemi kama mzigo ulifika.

Mimi nasimama na "kichukuzi". Nairobi nzima inajua uchukuzi ni nini, na wizara yake ipo. Mchukuzi ni mtu anayepokea mzigo usio wake, akaufikisha kwa mwenyewe, akaondoka. Ukitaka kumwona, nenda Marikiti alfajiri, au Muthurwa, utazame vijana wa mikokoteni. Tukilitoa neno katika ngeli ya A-WA na kulitia KI-VI tunapata chombo, kama mpokezi alivyotupa kipokezi: kichukuzi cha jeni, vichukuzi vya jeni. Vitenzi vyake navyo vipo jikoni na barabarani, kupakia na kupakua. Jeni hupakiwa ndani ya kichukuzi, kisha hupakuliwa ndani ya seli. Mama anayepakua sufuria kila jioni haitaji kamusi. Sentensi ya kijana sasa inakuwa: "Watafiti hupakia jeni ndani ya kirusi kisichoweza kuzaana, nacho huipakua katika seli za salamanda."

Mwenzangu mmoja wa idara amenionya kwamba neno hili ni tamu mno, litawaficha watu hatari. Onyo lake nalichukua kwa uzito. Mwezi Septemba 1999 kijana wa Marekani aitwaye Jesse Gelsinger, mwenye umri wa miaka 18, alifariki huko Pennsylvania baada ya kupewa jeni kwa kichukuzi cha kirusi cha adeno. Mwili wake ulikipokea kichukuzi kwa vita vikali. Lakini mchukuzi naye si malaika. Anaweza kuvunja mlango, anaweza kupeleka mzigo nyumba isiyo yake, anaweza kuchapwa na mabawabu langoni. Yote hayo yanasemeka kwa neno hili, tena waziwazi. Neno "kuambukiza" ndilo lisilotuachia nafasi, kwani likishatamkwa msikilizaji amekwisha kuamua. Afadhali nimpe mtu neno litakalomwezesha kuuliza, "Na huyo mchukuzi wenu akikosea njia?" Hilo ni swali la maana, na mwanasayansi anapaswa kulijibu.

Kijana alirekebisha makala yake. Amekubali kupakia na kupakua, ila kwenye kichwa ameacha vekta, ati msimamizi wake hataielewa vingine. Nimemwambia msimamizi si mama yake. Hatujakubaliana.

Jumapili iliyopita nilimpelekea yule jirani yangu wa Kangemi kurasa zile mpya. Nilitaka msomaji asiyenihurumia. Alivaa miwani, akasoma polepole nje ya nyumba yake, akichambua sukuma kati ya kurasa. Kwenye vichukuzi hakukwama. Alicheka kidogo kwenye amfibia wa Taita, akasema huyo mama ni kama wa kwao. Alipofika mwisho akanirudishia karatasi na swali moja: "Mwalimu, hapa amesema mguu unaota tena. Sasa mwili unajuaje kama ilikuwa mguu mzima umekatwa ama ni vidole tu?"

Nilimpigia kijana simu palepale. Akaniambia kwamba hilo ndilo swali linalowashughulisha watafiti, kwamba vikikatwa vidole huota vidole tu, kwamba seli za kidonda hukumbuka zilikuwa wapi mwilini, na kwamba vichukuzi hivi ni mojawapo ya njia za kuzichungulia. Nikamuuliza mbona hakuandika. Anaongeza ukurasa wa kumi na mbili.